Mtaalamu wa Pumzi

Mara ya kwanza kumwona Mtaalamu, alikuwa ameshika koleo, na mwanamume aliyepigwa nalo alikuwa ameketi mlangoni mwa maabara akitema damu na vipande vya jino. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku yangu ya kwanza kazini. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeshuka kwenye bodaboda, begi mgongoni, barua ya ajira mfukoni, vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

"Wewe ndiye tabibu mpya?" aliniuliza.

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Mshone huyu. Mdomo wa chini, nyuzi tatu zitamtosha."

Nilimshona. Baadaye nikaambiwa kisa. Yule bwana alikuja kudai majibu ya damu ya mke wake, akakataliwa, akampiga muuguzi kofi. Mtaalamu akatoka, akachomoa koleo kwenye mchanga wa mafundi waliokuwa wakijenga choo, akamtandika nalo la uso. Lakini nilipokuwa nashona, ni yeye aliyekuja kumshikilia kichwa, kwa upole kabisa, kama mama anayemnyoa mtoto.

"Majibu ya mke wako ni ya mke wako," alimwambia. "Ukitaka yako, njoo kesho nikutoe damu kwa sindano. Leo nimekutoa kwa koleo."

Kesho yake yule bwana alikuja. Alipanga foleni kama wengine.

Zahanati yetu ilikuwa katikati ya machimbo ya wachimbaji wadogo, mwendo wa pikipiki kutoka Bulyanhulu. Makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, yalinguruma kutwa mpaka mtu ukazoea kuongea kwa kupaza sauti hata ukienda mjini. Kila mtu pale alimwita yule mwanamke wa maabara Mtaalamu. Wachimbaji, akina mama wa vibanda vya chakula, hata watoto. Jina lake nililijua kwa sababu ya karatasi za mishahara, na sijawahi kulitamka mbele yake. Alikuwa mfupi, mabega mapana, koti jeupe lenye matundu ya dawa, miguuni katambuga za matairi. Alitembea kama mtu aliyechelewa kwenye ugomvi.

Alisema watu wa pale hawaumwi, wanapigwa. Hakukosea sana. Tulipokea waliokatwa mapanga kwa kugombea mpaka wa mashimo, waliosukumwa duarani (duara ndilo shimo la kuchimbia), wanawake waliofika wameshika taya kwa mikono miwili wakisema wameanguka kisimani. Hao ndio waliomuudhi kuliko wote.

"Kisima gani hicho kina ngumi?" aliwauliza.

Alijua alichokuwa anauliza. Siku moja, tukisubiri mashine ya kupimia damu itulie, aliniambia bila kunitazama, "Mume wangu alinipiga miaka sita. Mwaka wa saba nilimpiga mimi, kwa mguu wa kitanda. Sikumpiga kwa hasira, Dokta. Nilimpiga kwa mpangilio." Akainama kwenye darubini yake. Sikuthubutu kuuliza kilichofuata.

Ningependa kusema aliwapiga waovu tu. Sivyo. Alimpiga muuguzi kwa kukosea kuandika jina kwenye kichupa. Na mimi alinipiga kofi mbele ya mgonjwa, mwaka wangu wa kwanza, kwa sababu nilimwandikia diklofenaki, dawa ya maumivu, mchimbaji aliyekuwa analalamika tumbo linawaka.

"Unataka kulitoboa?" alifoka, akaichana karatasi yangu. "Tumbo lina kidonda, wewe unalimwagia tindikali!"

Alikuwa sahihi, na hakuwa na haki ya kunipiga. Vyote viwili. Nilikaa ofisini kwangu mchana kutwa nikiandika barua ya malalamiko kichwani. Saa nane alimtuma mfagizi aniletee sahani ya michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, iliyopikwa kwa karanga, imefunikwa kwa kitambaa safi. Hakuomba radhi. Nilikula, na barua haikuandikwa.

Mtu huyohuyo hakuweza kutazama kuku akichinjwa. Nyuma ya maabara kulikuwa na jogoo mmoja, aliyeletwa na mgonjwa kama shukrani, ambaye alizeeka hapo mpaka akapofuka jicho, kwa sababu Mtaalamu aliapa kwamba atakayemgusa atamsaga kwenye karasha. Na mtu huyohuyo aliyehubiri vidonda vya tumbo alikula pilipili mbichi kwa kila mlo, huku mkono mmoja ameubana chini ya mbavu.

Kisha kikaja kisanduku.

Watafiti wa chuo kimoja walikileta kwa majaribio, wakatufundisha siku tatu, wakaondoka. Kilikuwa kikubwa kama redio ya mkulima, na mrija wa kupulizia. Ndani yake kulikuwa na kihisi, yaani kijidude cha kunusa gesi. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wako bakteria wanaoishi ndani ya tumbo la mtu na kulichimba polepole mpaka linatoka vidonda. Zamani, kuwajua hao ilibidi mgonjwa asafiri mpaka hospitali kubwa ameze mpira wenye kamera. Sasa mgonjwa anakuja asubuhi hajala, anasukutua kinywa, anapuliza. Namba inaandikwa. Anakunywa kikombe cha maji yenye urea kidogo, anakaa nusu saa, anapuliza tena. Kama bakteria wamo, wataivunja ile urea na kutoa amonia, nayo hutoka na pumzi. Namba ya pili inapanda, kisanduku kinalia.

Tatizo la kwanza lilikuwa hilo neno urea. Wakulima wa pamba na mpunga wanalijua.

"Mtaalamu, mnatunywesha mbolea?" mzee mmoja aliuliza, amesimama na kikombe mkononi.

"Ndiyo, mzee wangu. Ukiota mahindi masikioni uniletee mawili ya kuchoma."

Watu walicheka, mzee akanywa. Tangu siku hiyo foleni ikawa ndefu.

Alikitunza kisanduku kile kwa ukali wa ajabu. Alisema ni kama mbwa: kikinusa kinabweka, lakini hakijui kama aliyepita ni mwizi au mgeni. Moshi wa sigara ulikichanganya, gongo ilikichanganya, hata mkojo. Jirani yetu alikuwa na zizi la mbuzi upande wa dirisha la maabara, na harufu yake ilizipandisha namba kabla mtu hajapuliza. Mtaalamu alimwomba ahamishe zizi. Akamwomba tena. Mara ya tatu alivunja uzio kwa sururu, akawaswaga mbuzi wote kumi na kitu barabarani, na jirani alipokuja na rungu walikabana hadharani mpaka wote wawili wakaanguka kwenye samadi. Zizi lilihama. Wiki iliyofuata alimpima jirani bure, na mkewe, na mama yake.

Na hakuwahi kubadili jibu. Hilo nililiona kwa macho yangu. Mwenye duara mmoja, mtu wa kuogopwa, alitaka Mtaalamu aandike kwamba mpinzani wake ana ugonjwa wa kuambukiza ili afukuzwe machimboni. Aliweka panga juu ya meza ya maabara, taratibu, kama mtu anayeweka miwani. Mtaalamu aliliangalia, akasogeza kisanduku chake mbali kidogo lisije likakikwaruza, akaendelea kuandika namba za watu.

"Namba haiogopi panga," alisema. "Mimi naogopa. Namba haiogopi."

Yule bwana alichukua panga lake akaondoka.

Nimeyasema haya ili nikisimulia yanayofuata, ieleweke ni mtu wa namna gani aliyeyatenda.

Palikuwa na ndugu wawili wachimbaji. Mkubwa aliitwa Luhende, mdogo Masanja. Masanja alikuwa na nguvu za ng'ombe dume na tumbo bovu. Kwa kuwa hakuwa na mke, alikula kila siku kwa shangazi yao mjane, Bibi Kabula, mwanamke mwembamba mwenye macho mekundu ya moshi, aliyeishi pembeni kidogo ya makazi. Luhende hakuwa akikanyaga kwa huyo shangazi. Waligombana kwa ajili ya kiwanja, wakaacha kusalimiana.

Masanja alipuliza kwenye kisanduku, kikalia kwa nguvu. Siku hiyohiyo Mtaalamu alimpima na Bibi Kabula, kwa kuwa walichangia chungu na kikombe. Kikalia pia. Tuliwapa dawa za wiki mbili. Bibi alimaliza zake. Masanja alimeza za siku nne, maumivu yakapungua, akaacha, akarudi kwenye gongo na diklofenaki za dukani ili aweze kushuka duarani.

Mwezi mmoja baadaye walimleta kwenye mkokoteni. Alikuwa anatapika damu, mabonge mabonge, nyeusi kama ini. Nilimwekea dripu mikono yote miwili. Damu ya kumwongezea hatukuwa nayo, na gari la wagonjwa lilikuwa bado njiani. Alinishika kola, akasema, "Dokta, nazima." Kisha akazima. Damu yake ilikuwa imenifika viatuni.

Hakuna aliyesema vidonda vya tumbo. Kabla hajazikwa, mganga alikuwa ameshasema ni sumu ya chakula, imetoka kwa mwanamke mzee wa ukoo. Hakutaja jina. Hakuhitaji kutaja.

Siku ya pili baada ya maziko, mchana, jua la utosi, tulisikia mwano, ule ukelele wa Kisukuma ambao mtu mmoja anaupiga, wa pili anaupokea, mpaka nchi nzima inajua pa kukimbilia. Mara Bibi Kabula akaingia getini kwetu. Alikuwa anakimbia bila viatu, khanga imemvuka bega, sikio moja limechanika. Jiwe lilimpata mgongoni akiwa anapanda ngazi, akaanguka kifudifudi. Mtaalamu alimwinua kwa kwapa mithili ya gunia, akamvuta mpaka maabara.

"Mayu, kaa chini ya meza," alimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Usitoe sauti." Kisha akaniambia mimi, "Piga simu polisi. Halafu shika mlango huu."

Nilipiga simu. Wakasema wanakuja, lakini ni mbali. Nikashika mlango.

Walikuwa watu sitini, labda zaidi. Mapanga, marungu, nyundo za mawe. Mbele yao Luhende, amefunga kitambaa cheupe kichwani, machozi na jasho vimechanganyika. Walivunja dirisha la kwanza, la pili. Mlinzi wetu alijaribu kusema neno, wakampiga nyundo ya bega, nikausikia mfupa ukivunjika. Mtaalamu alitoka nje peke yake, mikono mitupu.

"Mtoe huyo mchawi!" Luhende alipiga kelele.

"Ndugu yako alikufa kwa vidonda vya tumbo. Nilimpima mimi."

"Kisanduku chako kililia! Watu wote waliona! Kinanusa sumu!"

"Kinanusa vijidudu."

"Basi mpime bibi hapa mbele yetu. Kikilia, tunamchukua."

Umati ukaitikia, "Apimwe! Apimwe!"

Nyuma ya mlango nilisukuma komeo hadi mwisho. Bibi alikuwa amemaliza dawa, lakini hatukuwa tumempima tena. Huenda kisanduku kingelia. Na hata kisipolia, leja yetu ilikuwa na jibu lake la kwanza.

Mtaalamu alitupa jicho barabarani. Kisha akasema, "Nitampima. Lakini wewe kwanza."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Unaogopa kupuliza?"

Mbele ya watu sitini, mwanamume gani atasema anaogopa? Luhende alilitupa panga lake kwa mwenzake. Mtaalamu akanigongea mlango nimpe kisanduku. Nikampa, nikabaki nimesimama nyuma yake. Luhende akapuliza. Akanywa urea. Na kwa kuwa kipimo kinataka nusu saa, watu wale waliokuja kuua wakakaa chini kivulini kusubiri. Wengine walichezea simu. Mmoja aliomba maji, muuguzi akampa. Sijawahi kuona kitu cha kutisha kama utulivu ule. Luhende alikuwa amekula asubuhi, alikuwa na harufu ya pombe, kipimo kile kisingekuwa na maana hata kidogo, na Mtaalamu alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alichokuwa anatafuta ni ile nusu saa. Alikuwa anatazama barabara.

Barabara haikuleta gari lolote.

"Muda umekwisha," Luhende alisema. Akapuliza.

Nilikuwa nimesimama hatua moja nyuma ya bega la Mtaalamu, na kioo cha kisanduku nilikiona vizuri. Namba haikupanda. Ilikuwa palepale ilipoanzia. Halafu nikaona kidole gumba chake kikisogea ubavuni, kwenye kitufe kidogo cha kujaribia mlio, kikabonyeza.

Kisanduku kikalia.

Umati ulisimama wote kwa pamoja.

"Unavyo," Mtaalamu alisema. "Vilevile vilivyomuua mdogo wako. Sasa waambie wenzako, mara ya mwisho kula kwa Bibi Kabula ilikuwa lini?"

Luhende aliwageukia wenzake. "Sijala kwake. Mwaka wa pili huu."

"Hata maji?"

"Hata maji."

"Basi si yeye. Viko kwenye matumbo ya nusu ya watu hapa. Ni vijidudu, Luhende, si mtu. Ngoja nikupe dawa."

Alikuwa amefikiri haraka, na amefikiri vizuri. Ukweli ungemchinja yule bibi: aliyekula kwake kinalia, asiyekula kwake kimya. Uongo ulimwokoa. Niliona watu wakitazamana, mikono ikilegea, wa nyuma wakianza kuondoka. Luhende alibaki amesimama. Hakuchukua dawa. Alikuwa ameweka kiganja juu ya tumbo lake, anatazama mbele kama mtu anayefanya hesabu. Akageuka, akaondoka mwendo wa kawaida. Polisi walifika muda mfupi baadaye, wakamchukua Bibi Kabula kumpeleka kwa binti yake, Kahama.

Tulikuwa tunafagia vioo walipomleta Nyanzobe.

Nyanzobe alikuwa mke wa Luhende. Ndiye aliyempikia, asubuhi na jioni. Alikuwa anasonga ugali mumewe alipoingia na kumuuliza, "Umeniwekea nini?" Hakuelewa swali. Alimpiga kwa mchi wa kutwangia. Waliombeba walikuwa majirani, na mtoto wao wa kwanza, msichana, alikuwa anakimbia pembeni ameshika kiatu cha mama yake. Unga mbichi ulikuwa bado mikononi mwa marehemu. Nasema marehemu kwa sababu nilipomweka kitandani alipumua mara tatu, na zikawa ndizo za mwisho.

Mtaalamu alisimama mlangoni. Alizunguka nyuma ya jengo, na baada ya muda nikasikia mapigo mazito, yamepangika, pu, pu, pu. Nilimkuta anaupiga ukuta wa maabara kwa ngumi. Vidole viwili vilikuwa vimevunjika tayari na bado anapiga. Nilimkumbatia kwa nyuma, akanigonga pua kwa kisogo, sikumwachia. Tulianguka wote chini. Nilimfunga mkono huku damu ya pua yangu ikimdondokea kotini. Nilichokiona kwenye kioo sikukisema.

Sikusema hata mahakamani. Luhende alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akapewa kifungo kirefu. Niliitwa kueleza majeraha. Wakili aliniuliza kama kweli kifaa kilionyesha mshtakiwa ana ugonjwa. Nikajibu kwamba kazi ya maabara si yangu. Mtaalamu alikuwa ameketi benchi la mbele, mkono umefungwa. Naye alipoulizwa, alisema kililia. Hilo lilikuwa kweli.

Aliacha kazi mwezi huohuo. Kisanduku kilirudishwa kwa watafiti na barua isemayo kina hitilafu ya mlio. Mimi nilihamia Shinyanga mjini, nikaoa, nikapata ofisi yenye feni. Miaka ikapita. Niliposikia habari zake, zilikuwa za watu wa kituo cha mabasi: anaishi Ibadakuli kwa dada yake, karibu na uwanja wa ndege, amezeeka, hampigi mtu tena.

Jumatatu moja, mwaka huu, aliingia ofisini kwangu bila kubisha. Amekonda, mabega yameshuka, vidole viwili vya mkono wa kulia vimepinda.

"Shikamoo, Mtaalamu."

"Marahaba. Vaa koti. Nahitaji shahidi."

"Wa nini?"

"Naenda gerezani kumwambia Luhende ukweli."

Nilifunga mlango. Nilimwambia kila sababu niliyokuwa nayo. Kwamba ni muda mrefu umepita. Kwamba mtu yule ana kifungo chake, kwa nini kumwongezea. Kwamba tutashtakiwa. Kwamba alimwokoa mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Watoto wa Nyanzobe wako kwa bibi yao mzaa baba," alisema. "Wanaitwa watoto wa mchawi. Yule mkubwa alifukuzwa jikoni, haruhusiwi kugusa chungu. Baba yao anawaandikia hivyo kutoka ndani: msile kwa watu wa upande wa mama yenu. Mimi nimesikia Jumamosi, sokoni, kutoka kwa mtu anayewajua." Akanikazia macho. "Uliona kile kioo, Dokta. Nilikusikia ukivuta pumzi nyuma yangu."

Nilivaa koti.

Walituweka kwenye chumba chenye meza ndefu, askari mmoja ukutani. Luhende alikuja amenyolewa, mwembamba, anatembea kwa adabu. Alitusalimia. Mtaalamu hakuzunguka.

"Siku ile namba yako haikupanda. Hukuwa na kitu tumboni. Kisanduku nilikiliza mimi, kwa kidole, ili wasimuue Bibi Kabula."

Luhende alimtazama. "Rudia."

Akarudia, neno kwa neno, kwa sauti ileile.

Luhende alimrukia juu ya meza. Alimshika shingo kwa mikono miwili, wakaanguka pamoja na benchi, kichwa cha Mtaalamu kikapiga sakafu. Askari alimpiga rungu la mgongo, mara moja, mara mbili, mimi navuta vidole vyake kimoja kimoja. Mtaalamu hakuinua mkono. Alikuwa amelala na macho wazi, na sauti iliporudi jambo la kwanza alilosema lilikuwa kwa askari: "Msimpige. Mwacheni aulize."

Wakamkalisha, pingu mikononi. Alihema muda mrefu.

"Kwa hiyo Nyanzobe hakuniwekea kitu."

"Hakukuwekea kitu. Hakuna mtu aliyewahi kukuwekea kitu."

Aligeuza uso kwangu. "Na wewe, Daktari. Ulijua?"

Feni ya chumba kile ilikuwa imeharibika. Nakumbuka niliitazama ile feni.

"Nilijua," nikasema. "Siku ileile."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei ya kitu. "Basi tuliomuua tulikuwa watatu," alisema. Kisha akainamisha paji la uso mpaka likagusa meza, na akiwa hivyo akasema, "Nendeni mkawaambie wanangu. Waambieni mama yao alikuwa anapika tu."

Tulipanda basi saa nane. Mtaalamu alikaa dirishani, shingo imeanza kuvimba alama za vidole, hakukubali niiguse. Kijijini tulionyeshwa nyumba. Bibi yao alikuwa uani anaanika michembe, wadogo wawili wanacheza. Yule mkubwa, msichana wa miaka kumi na mitano sasa, alikuwa ameketi peke yake mbali na jiko, na sahani yake ya bati pembeni, imegeuzwa juu chini.

Aliinuka kutusalimia, akaanza kukunja magoti kama wanavyofunzwa mabinti wa Kisukuma mbele ya wakubwa. Mtaalamu alimuwahi. Alimshika viwiko akamsimamisha wima, kisha akapiga magoti yeye, mavumbini, mbele ya bibi na wadogo na majirani waliokuwa wameanza kusogea.

"Simama hivyohivyo, mwanangu," alisema. "Nisikilize, halafu ukitaka kunipiga, nipige."